Mama mkwe alinilisha pweza wa mwamba tuliofunga, na mimi ndiye katibu wa kamati

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Nikiongopa, mama mkwe ana simu kubwa na anasoma kila kitu.

Mimi ni mtu wa Chumbi, mkulima wa mpunga. Bahari nilikuwa naisikia tu kwa wauza samaki wa Ikwiriri. Nikaoa kijiji kimoja cha delta, huku Kibiti, nikahamia ukweni.

Sasa, nje ya mdomo wa mto kuna miamba ya matumbawe, ndimo anamokaa pweza. Maji yakitoka, akina mama huenda kumchokoa mashimoni kwa vyuma. Tumbawe likivunjika, pweza hana nyumba. Ikafika wakati wanarudi na vipweza vya kuonea huruma.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Afisa uvuvi wa wilaya, dada mmoja mpole, akashauri tufunge mwamba mmoja kwa miezi kadhaa, pweza wakue, tumbawe lipumzike. Halmashauri ikapitisha sheria ndogo, kijiji kikaunda kamati ya doria.

Mimi nilichelewa. Nafika, watu wananipigia makofi. Kuuliza, naambiwa nimeshachaguliwa katibu.

Kwa msiojua, doria ni boti, mafuta na kutapika. Kutapika ilikuwa idara yangu.

Mama mkwe, Bi Tatu, ndiye bingwa wa pweza pale kijijini. Tulipofunga mwamba alininunia, hata shikamoo yangu alikuwa anaipokea kwa pua.

Basi mchana mmoja akaniita kula. Wali, na pweza wa nazi, minofu minene hiyo! Nikajua yameisha.

"Kula mwanangu, doria zimekukondesha."

Nikala. Nikaongeza. Katikati ya tonge akili ikarudi.

"Mama, pweza mkubwa hivi katoka wapi?"

"Si hapo mlipofunga! Nilikwenda kuokota chaza, nikapitia. Wamenona, mashallah. Kazi yenu nzuri."

Wakuu, kabla sijajibu, hodi! Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mketo, na yule dada afisa. Kuna mtu alimwona Bi Tatu kule mwambani.

Mdomo umejaa. Niteme mbele ya mkwe? Nikameza.

Dada afisa akauliza, "Kielelezo kiko wapi?"

Bi Tatu akaninyooshea kidole tumboni. "Humo."

Mzee Mketo alitoka nje kwenda kucheka, akarudi kavaa uso wa kazi.

Kikao kilikuwa kigumu. Bi Tatu ni shangazi wa nusu ya kijiji. Wengi walitaka yaishe kimyakimya, lakini akiachiwa yeye, kesho yake kijiji kizima kingekuwa kule na vyuma.

Wakanigeukia katibu. Mke wangu ananitazama kutoka mlangoni.

Nikasema, "Aadhibiwe. Na mimi nimo, maana nimekula."

Wiki ile nililala naangalia mgongo wa mtu.

Adhabu ikatoka. Siku ya kufungua mwamba, Bi Tatu hatakanyaga. Atakaa kwenye boti, na mimi nikae naye mpaka wenzake wamalize.

Watu wa pwani mnajua heshima ya mkwe. Hujui uangalie wapi, uweke miguu wapi.

Siku ikafika. Boti tukaifunga kwenye boya, nanga isivunje matumbawe, wenzake wakashuka. Wimbi dogo tu, tumbo langu likaanza. Nikainama ubavuni mwa boti, nasikia mkono umenishika ukosi.

"Tapika tu, baba. Sikuachii."

Huku kanishika, huku anawapigia wenzake kelele: "Siti, rudi nyuma! Shimo liko kushoto! Usipige jiwe, utamvunjia nyumba!"

Siti akanyanyua pweza kwa mikono miwili. Wa pili akanyanyua. Wa tatu akaomba asaidiwe.

Bi Tatu akawahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu.

Kisha, bado kanishika ukosi, akauliza, "Mkutano wa kufunga tena lini?"

"Mama, ndiyo kwanza tumefungua."

"Itisheni. Na safari hii doria naingia mimi, wewe huna tumbo la kazi hii."

Nilichojifunza: afisa alishauri vizuri, halmashauri ikapitisha vizuri, ila sheria ya mwamba watu waliiamini siku ilipompata Bi Tatu.

Wa Mafia, Kilwa na Tanga, semeni, kwenu mnafungaje miamba? Na kuna mwingine kamati imewahi kumkalisha na mkwe wake, au ni mimi tu?