Suruali Iliyobaki kwa Fundi

Fundi cherehani wa sokoni Newala hajawahi kumtabiria mtu jema. Ukimpelekea kitambaa, hukivuta kwa vidole vyake vikavu, hukiinua kwenye mwanga, kisha husema kitachuja. Kwake mvua itachelewa, korosho zitaoza, na wanaohamia kijiji kipya watakosa maji. Ndiyo maana benchi la wateja kibarazani pake huwa tupu. Watu humwachia kazi, wakaenda kungojea kwa muuza chumvi.

Jumamosi moja ya mwaka 1972 Yuliana alisimama kando ya benchi hilo. Mumewe alikuwa amevuka Ruvuma kwenda vitani Msumbiji, na mwezi wa kumi na nne ulikuwa unakatika bila barua. Suruali yake mpya ilibaki hapo.

"Shikamoo, fundi. Nimeifuata ile suruali. Nampa shemeji."

"Marahaba, Mama Dominika." Aliishusha msumarini. Ilikuwa imepigwa pasi, haina vumbi. "Shemeji hapewi. Ina mwenyewe."

"Fundi, wewe si ndiye kila kitu kwako kibaya?"

"Na hili ni baya. Huko porini wanakula mizizi. Akirudi, itamporomoka."

Akachukua wembe, akafumua kiuno, akakipunguza kwa upana wa vidole viwili kila upande na kuweka alama ya chaki. Akaanza kukanyaga cherehani huku akinung'unika kwamba uzi wenyewe hautadumu.

Yuliana alitazama kwa muuza chumvi, walikokuwa wanacheka wateja wengine. Kisha akakaa kwenye benchi, akangoja.