Mtalii wa Nyumbani

Asubuhi ile mke wangu aligonga mlango wa chumba chetu mara mbili, akasubiri, akaingia na kikombe cha chai. Ndivyo alivyoingia kila siku kwa miaka kumi na mmoja, ingawa chumba ni chake na mlango wenyewe haufungi sawasawa.

"Gud moning, sa," akasema.

Nikaonja chai. Ilikuwa ya moto, ilinichoma ulimi.

"Ti iz kold," nikasema.

"Veri sori, sa. Naleta nyingine sasa hivi."

Hakuleta. Alicheka, akafunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka, akaniambia jambo, kisha akaenda kazini. Saa nane mchana nikapigiwa simu. Alikuwa amemaliza kutandika chumba namba saba, akaketi kidogo pembeni mwa kitanda. Hakuinuka tena.

Alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ndogo ya orofa tatu. Mimi ni fundi baiskeli. Shule sikuiona. Yeye aliishia darasa la nne, na herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye tukiwa tumeshazaa.

Miaka kumi na mmoja nyuma hoteli ilipata meneja mpya, mwanamke wa umri wa binti yetu. Akatangaza kwamba watalii wameongezeka, kwa hiyo wahudumu wote watapimwa Kiingereza cha kuzungumza na wageni, baada ya wiki sita. Atakayeshindwa, basi. Mke wangu alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kazi nyingine angeipata wapi? Siku ile alirudi, akakaa na viatu vyake miguuni mpaka giza likaingia.

Kesho yake akaanza kuokota karatasi za matangazo walizoacha wageni kwenye ndoo za taka. Dada wa mapokezi akawa anamwambia maana.

"Haya maneno hayalali peke yake," aliniambia. "Ni kama foronya. Kila kitanda mbili."

Akayapanga hivyo, kitanda kwa kitanda. Chumba cha kwanza, "piki" na "sizoni", msimu wageni wanapojaa. Cha pili, "losti" na "lageji", mizigo iliyopotea. Cha tatu, "bajeti" na "travela", yule mwenye begi mgongoni anayefua soksi kwenye sinki. Akiwa anadeki sebule yetu ungemsikia anaingia chumba hiki, anatoka kile, na hoteli iko mbali.

Ikabaki kufanya mazoezi. Mtalii nikawa mimi.

"Vaa kofia. Kaa kitalii."

"Kitalii ndio vipi?"

"Kama mtu asiye na haraka. Nikikuuliza, unajibu."

"Mama watoto, mimi Kiingereza ninalo neno moja tu."

"Lipi?"

"Tenki yu."

Akafikiri. "Litatosha."

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa wiki sita alinigongea kila asubuhi. Safari ilikuwaje? Tenki yu. Ungependa kutembezwa mjini? Tenki yu. Naomba nibadilishe mashuka? Tenki yu. Mambo yakaenda kama maji.

Siku ya mtihani meneja alivaa miwani ya jua, akajifanya mgeni. Maneno yote aliyomuuliza, mke wangu aliyajibu. Ndipo meneja akakunja uso. Mzigo wake umepotea, chumba kina kelele, chai ya baridi, na hivi hoteli gani hii! Mke wangu alielewa kila kitu. Akanyamaza. Alikuwa anasubiri tenki yu.

Meneja akamgeukia kwa Kiswahili. "Mama, hujaelewa?"

"Nimeelewa, bosi. Ila mtalii wangu wa nyumbani halalamiki."

"Mtalii yupi?"

"Mume wangu."

Meneja alivua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho. Akampa wiki moja zaidi.

Jioni ile sikusalimiwa. "Wewe mwanamume," aliniambia akiwa bado mlangoni, "utanifukuzisha kazi kwa upole wako. Kuanzia kesho lalamika!"

Nilipata tabu. Chai yake haikuwa na kosa, mashuka yake hayakuwa na kunyanzi. Akanifundisha sentensi tatu. Nilikuwa nazisema nikiangalia ukuta.

"Niangalie mimi! Mgeni mwenye hasira haongei na ukuta."

Wiki ilipoisha akaenda, akarudi anaimba. Kazi ilibaki yake. Baadaye mgeni akija juu pale mapokezi, anaitwa yeye.

Asubuhi iliyofuata mtihani nilijua mchezo umekwisha. Niliiweka kofia juu ya kabati. Nikasikia mlango unagongwa, mara mbili. Nikaishusha kofia. Hatukulizungumza.

Msibani watu waliniuliza tuliagana vipi. Niliwajibu, vizuri. Shemeji yangu akataka kujua neno langu la mwisho kwa dada yake. Sikumwambia. Lilikuwa kwamba chai ni ya baridi, nayo ilikuwa ya moto.

Siku za kwanza jambo hili lilininyima usingizi. Sasa nalala, kwa sababu nakumbuka alivyogeuka pale mlangoni, mkoba begani, na alichosema:

"Leo umelalamika vizuri, mzee. Kesho tafuta jingine, hilo la chai nimeshalizoea."