Murinzi ya Mbarara

Mtu asinikatize: haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro. Waliosimuliwa na wengine wakae pembeni.

Tulitoka Kivu Kusini, mimi, mjomba na bibi yangu, ambaye tulimwita Tate. Tulipopewa kiwanja, kabla hata ya kuchimba choo, Tate alikwenda upande wa Rugaaga kuwaomba Wanyankole vijiti vya murinzi, ule mti wa maua mekundu. Akavichomeka mpakani. Alisema penye murinzi ugonjwa hupita mbali. Ila ni mti wenye wivu: ukiupandia kando yake mmea mgeni asiye na jina, murinzi ataondoka na kitu cha nyumba.

Mwaka ule mjomba alinichukua Mbarara kuuza maharage. Mbele ya nyumba moja niliona ua uliokatwa vizuri kama nywele za bwana harusi, una maua madogo mekundu na ya manjano. Nikamuuliza mtunza bustani jina lake. "Mlinzi," akajibu, akimaanisha kwamba unalinda nyumba. Mimi nikasikia murinzi. Nikavunja matawi, nikayaficha kwenye gunia tupu.

Nyumbani Tate alifikicha jani moja, akanusa, akakunja uso.

"Huyu mugeni umemutoa wapi? Anaitwa nani?"

"Murinzi, Tate. Murinzi ya Mbarara. Ile yako ni ya kijijini."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku moja tu, umeshakuwa mutu ya mujini!" Kwa kuwa mgeni alikuwa na jina, akaniacha nipande.

Nilijisifu kwa kijiji kizima. Jirani yetu Mama Neema alipoomba matawi, nilimgawia kama chifu anayegawa ardhi. Misimu miwili ya mvua ilitosha: kichaka changu kilipanda juu ya vijiti vya Tate, kikavinyima jua, na chini yake hata majani ya kulisha sungura hayakuota. Mirinzi ya Tate ikakauka mmoja mmoja.

Kiangazi kilipomaliza malisho, mbuzi wa Mama Neema alikula ule ua ulioota kwa matawi yangu. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa yanamlea mjukuu wake mchanga, aliyefiwa na mama. Macho ya mbuzi yakawa ya manjano, ngozi ya pua ikapasuka, akafa.

Mama Neema alikuja kwetu na watu nyuma yake, mtoto analia mgongoni.

"Mama, mulinipatia nini? Mbuzi yangu imekufa. Huyu mutoto atakunywa nini?"

"Mulozi huyo," mtu akasema nyuma. Mchawi.

Nilikuwa nimesimama palepale. Tate alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi nilipanda," akasema. Akaenda kumfungua mbuzi wetu wa maziwa, akamkabidhi Mama Neema kamba.

Mtoto akapata maziwa. Lakini lile neno, mulozi, lilimganda Tate. Wanawake wakaacha kuja kuomba moto kwetu, na siku tulipomzika tulikuwa wachache. Watu walisema murinzi ameondoka na mbuzi. Mimi najua aliondoka na jina zuri la Tate, na mlango nilimfungulia mimi.

Sasa nakaa Biharwe, karibu na Mbarara. Najua kile kichaka kinaitwa lantana, kilitoka nchi za mbali, na kimemeza malisho mengi ya Isingiro. Hakuna mtu aliyeking'oa zaidi kuliko mimi. Mikono yangu ina makovu ya kutosha. Nikiwasimulia wanangu, hucheka ninapofika kwenye mlinzi na murinzi. "Baba, masikio yalikudanganya!" Nami huwaacha wacheke.

Masikio yangu yalikuwa mazima. Yule mtunza bustani hakusema mlinzi. Alisema, "Wacha hiyo, kijana, inaua mbuzi." Jina nililitunga mwenyewe, Tate aliponiuliza, kwa sababu alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejua.