Ubao Uliolindwa kwa Fimbo

Weris alizaliwa Galbet, pale Garissa mjini, na hadi anatimiza miaka ishirini na miwili hakuwahi kuchunga hata mbuzi kipofu. Mwaka wa tisini na nne akapelekwa kufundisha Kiingereza katika shule moja njia ya Buna, mahali ambapo jua hunywa maji ya kisima kabla ya watu. Mwalimu wa kike alikuwa yeye peke yake. Miezi sita alizunguka boma kwa boma akiwabembeleza kina baba, mpaka akapata wasichana kumi na mmoja wa darasa la saba. Kila asubuhi aliwahesabu kama mtu anayehesabu meno yake baada ya kuanguka.

Jumatatu hiyo somo lilikuwa kuunganisha sentensi. Kiingereza, aliwaambia, ni msafiri asiyependa mizigo. Kwa nini umtaje Hirsi mara tatu? Tanguliza kiungo kama *after*, kitendo kifuate, umtaje mwenyewe mara moja, na kwingine utumie *he* au *his*. Akaandika ubaoni:

*After watering his camels, Hirsi drove away Alio's.*

"Yaani, baada ya kunywesha ngamia wake, Hirsi aliwaswaga wa Alio. Haya, semeni!"

Majina aliyaokota tu kwenye daftari la mahudhurio. Yalikuwa ya baba za wanafunzi wawili. Watoto arobaini wakatazamana. Osob, bintiye Alio, akanyanyua mkono taratibu.

"Mwalimu, uliwaona lini?"

Weris akacheka. "Soma kwanza, Osob. Maswali baadaye."

Hakujua kwamba ngamia jike wa Alio alikuwa amepotea siku tisa, na kwamba Alio na Hirsi walibakiza neno moja tu washikane makoo. Wala hakujua kuwa kule, kumtaja mtu na ngamia mbele ya watu arobaini si mazungumzo. Ni ushahidi.

Kabla chai ya saa nne haijapoa, watoto walikuwa wameshaifikisha habari bomani, na wanaume wawili wenye fimbo walikuwa wamesimama kushoto na kulia kwa ubao.

"Usifute," mmoja alimwambia. "Ubao huu sasa ni shahidi."

Saa sita wazee walijaa darasani, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Hirsi alisimama mlangoni, mkono juu ya kisu. Sauti yake ilikuwa ya kugandisha maziwa kwenye kibuyu.

"Aliyeniona nikiiba aseme leo!"

"Ameshasema," Alio akajibu, akionyesha ubao. "Mtu aliyesoma haandiki upuuzi."

Mzee Nunow, mkubwa wao, akamgeukia Weris. "Binti yangu, uliona?"

Weris akayapima majibu mawili. Akisema ndiyo, kisu kitatoka alani. Akisema hapana, basi ni mwanamke anayewaandikia watoto uongo, na kabla jua halijatua wasichana wake watakuwa nyuma ya mbuzi. Dirishani nyuso kumi na moja zilimtazama.

"Sikuona, adeer," akasema, akimwita mzee kama mtu amwitavyo ndugu ya babake. "Wallahi sikuona. Nilitunga."

"Ulitunga." Nunow akalitafuna neno. "Kiingereza hufundishwa kwa uongo?"

"Kwa mifano, adeer."

"Na huo mfano ulikosa ngamia wengine duniani?"

"Mimi sina ngamia, adeer. Ningekuwa naye, ningemwandika wangu."

Nzi aliyekuwa akipita alisimama hewani asikilize. Alio akainuka. "Osob! Chukua daftari, twende nyumbani." Baba wengine wawili wakainuka pia. Weris akahisi meno yake yakianza kung'oka moja moja.

"Keti, Alio," Hirsi akanguruma. "Aliyepakwa matope ni mimi, na sijaondoka. Watoto waliosikia waingie. Aseme mbele yao, kisha afute."

Watoto wakaingia. Weris akasema, neno kwa neno, kwamba Hirsi hakuiba na yeye hakuona. Kisha akafuta ubao kwa ncha ya shela yake mwenyewe, mpaka vumbi la chaki likamfanya Nunow apige chafya.

"Mwalimu asiye na ngamia ni hatari kwa majirani," mzee akasema akipangusa pua.

"Basi nitampa ndama," Hirsi akasema. "Amsingizie huyo, aniache mimi!"

Wazee wakacheka hadi dawati moja likavunjika. Mkono wa Hirsi ukatoka kwenye kisu.

Ngamia wa Alio alirudi mwenyewe Alhamisi, amenona kuliko alivyoondoka, na hakumwambia mtu alikokuwa. Ndama wa Weris alifungwa nyuma ya shule. Alikuwa na meno na tabia mbaya.

Wiki iliyofuata Weris alihesabu wasichana: kumi na mmoja. Akaandika kwamba baada ya kumng'ata mwalimu mkuu, ngamia alikimbia, na Weris akamfuata.

Osob akanyanyua mkono. "Mwalimu, uliona lini?"

Safari hii Weris hakucheka.

"Jana, saa tisa. Na mashahidi ni nyinyi."