Godoro na Chaki Yangu

Siku ya kwanza kumwona yule mgeni, alikuwa amepiga magoti mbele ya rundo la foma, anabonyeza kwa kidole gumba kama mama anayechagua parachichi sokoni. Hakuna aliyemtuma. Alivuta kipande kimoja akakiweka pembeni, akamwambia mwenye karakana, "Hiki msikitie, bosi. Kina unyevu." Bosi wetu ni mama wa watoto wanne na hachekicheki na mtu. Siku ile alicheka. Mimi nilikuwa pale miaka kumi na sita na sikuwahi kumchekesha hata mara moja.

Tunatengeneza mabodi ya malori ya baridi, yale ya kubebea samaki na maziwa. Bamba la ukuta ukilikata utaona ngozi ya fiberglasi huku na huku, na katikati foma gumu, jepesi. La sakafu tunalitia vipande vya mbao nyepesi, vimesimamishwa nyuzi zikitazama juu, maana ukivilaza vitabonyea. Nguvu yote iko kwenye gundi inayoshika hiyo nyama ya kati. Pasiposhika panabaki uwazi, maji yanaingia, na baada ya miezi lori zima linanuka. Kwa hiyo mgongaji hupita na sarafu, ti ti ti. Mlio ukiwa mkavu, pameshika. Ukiwa mzito, anazungushia chaki, mafundi wanatoboa na kusindilia gundi.

Mgongaji nilikuwa mimi. Bamba halikutoka mpaka nilipite. Mtu wa darasa la saba, tena mwenye haya hata ya kuomba chumvi mezani kwa watu, chaki ile ndiyo ilikuwa kauli yangu.

Lakini masikio yalikuwa yananiishia, na hata mke wangu sikumwambia. Msumeno na mashine ya kusugua vilikuwa vimeyala kidogo kidogo. Siku nyingine nilizungusha chaki kwa kubahatisha.

Yule mgeni tulimwita Godoro kwa kuwa alitoka kiwanda cha magodoro. Alivaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, jua au mvua.

"Godoro, leo umekuja kulala?" mchomeleaji alimtania.

"Nimekuja kutandika. Wa kulala nawajua, wanaamka saa ya chai."

Aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Wenzake wakicheka, yeye alichelewa kidogo, kisha akacheka kuwapita wote. Nilisema moyoni, huyu anaringa.

Habari zake nilizipata kwa kusikiliza akiwasimulia wengine. Mama yake alikuwa akishona magodoro ya sufi, na yeye tangu mdogo kazi yake ilikuwa kupapasa kila godoro kutafuta bonge au mbegu. Bonge likimpita alichapwa kiganja. Baadaye kiwandani alisimama miaka tisa kando ya mashine ya kukatia. Mke wake alifariki, akalea mabinti wawili peke yake. Mabinti walilala juu ya magodoro mazuri. Yeye alilala mkekani. "Anayepika hashibi," alimwambia mchomeleaji.

Haikupita miezi mitatu bosi akamwambia anisaidie kugonga. Aligonga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameulaza juu ya bamba anausogeza taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua jana. Ule mkono niliuchukia. Bamba si lako, nilisema kimoyomoyo.

Nyumbani mke wangu alichoka. "Baba watoto, kila tukikaa kula ni Godoro, Godoro. Nikuandalie posa? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji ndiye anaugua," nilimjibu.

Kisha likarudi lori moja, sakafu imelowa. Bamba lile nililipitisha mimi. Bosi hakufoka. Alilaza bamba jipya mbele yetu na kusema tuligonge kwa zamu, bila kutazamana. Mimi nilizungusha maduara matatu. Nikafuta, Godoro akaingia, akazungusha matano. Bosi akaamuru likatwe. Uwazi ulikuwa mahali patano. Katika matatu yangu, mawili tu ndiyo yaliyokuwamo.

"Kaka," bosi aliniambia polepole, "chaki mwachie mwenzako. Wewe rudi kwenye kukata foma."

Miaka miwili nilikata foma nikimtazama masikio. Kijicho kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilitia mafuta ya uvuguvugu masikioni kila jioni. Nikanunua kofia ya sufu kama yake. Mchomeleaji aliniuliza kama nimepata baridi au nimepata mchumba. Haikusaidia kitu, nilitoka jasho tu.

Mwaka huu dada mkubwa wa Godoro alivunjika nyonga, naye Godoro akaamua kurudi kwao kumshikia kazi ya magodoro. Siku ya mwisho aliniita kwenye bamba, akanikabidhi chaki. Nikakataa. Nikamwambia ukweli, mara ya kwanza kumwambia mtu: sisikii.

Akavua kofia. "Sema tena, simama huku." Nikarudia kwa sauti. "Sikio la kulia lilifia kiwandani. La kushoto linasikia ngurumo tu."

Akachukua mkono wangu wa kushoto akaulaza juu ya bamba, akagonga karibu yake. Paliposhika, kiganja kilipata pigo fupi, gumu. Alipofika pengine, ngozi ya bamba ikatetemeka chini ya vidole vyangu kama ngoma. Nikazungushia chaki. Palikatwa; palikuwa wazi.

Chaki ninayo mimi tena, bosi aliridhika. Lakini sisemi kwamba wivu umekwisha. Kila nikilaza kiganja namkumbuka yule mtoto aliyechapwa kwa ajili ya bonge, na naona mkono huu bado ni wake, mimi nimeazima.

Siku ile ya mwisho, getini, begi likiwa begani mwake, nilimuuliza kwa nini hakunionyesha mapema. Nililazimika kurudia, mara ya pili kwa sauti. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulikuwa unaniangalia masikio miaka miwili, ndugu yangu. Ungeangalia mkono."