Wimbo wa Zege Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Miaka ile tuliporudi Juba kutoka Uganda, nilipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa chumba kipya cha upasuaji hospitalini. Kazi yenyewe ilikuwa balaa, kwa sababu hospitali haikufungwa. Upande huu wa ukuta sisi tunakata nondo, upande ule wanawake wanajifungua. Nikitaka kufunga maji, niombe ruhusa kwa metroni. Nikitaka kupiga nyundo, niombe. Nadhani hata kukohoa nilipaswa kuomba, nami si mtu wa kuombaomba.

Siku ya kumwaga zege la dari, mke wangu naye akashikwa na uchungu. Wakamwingiza wodi ileile, nyuma ya ukuta wangu. Tulikuwa tumezaa mara mbili kule Uganda, na watoto wote wawili walitoka kimya, hawakulia. Asubuhi ile nilitaka kusimama mlangoni pa wodi, lakini zege la dari halikatishwi katikati. Ukilikatisha, mvua itapenya pale ulipoishia, imdondokee mgonjwa mezani. Nikabaki juu ya mbao.

Kwetu makarai ya zege hupitishwa mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoendesha mikono. Wanawake wa mtaa wa Hai Jalaba walikuwa wamejipanga kutoka chini hadi juu ya ngazi, wanaimba kwa Kibari, lugha ya wenyeji wa Juba, makarai yanapanda kama yana miguu. Metroni akatoka. Akasema kuna mama ana hali ngumu ndani, tunyamaze. Mama huyo nilimjua. Nikawakaripia mwenyewe: atakayefungua mdomo aende nyumbani.

Basi mambo yakaharibika. Bila wimbo, huyu anatoa karai kabla mwenzake hajageuka, yule amelikumbatia lake kama mtoto wa jirani. Moja likanimwagikia mguuni. Nikafoka, tena kwa kunong'ona, jambo ambalo sikuliweza vizuri. Mama mmoja mnene, ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo, akaniuliza, "Fundi, sisi iko kwa kazi ama iko kwa matanga?" Wenzake wakaziba midomo wasicheke. Mimi sikucheka. Huko juu zege lilikuwa limeanza kushika.

Metroni akatoka tena, amekunja uso. Nikajua huo ni msiba wa tatu.

"Mkeo anauliza nani amewanyamazisha," akasema. "Anasema alikuwa anasukuma kwa wimbo ule, na sasa hajui asukume saa ngapi."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Sikuhitaji kuwaambia neno, walishaanza, tena kwa sauti ya harusini. Makarai yakapanda mbio, nami nikaimba, mimi ambaye hata kanisani huwa wananiomba nipunguze. Tulikuwa tumefika kona ya mwisho ya dari pale kilio kilipotoka ndani, chembamba, cha hasira, kisichotaka kuisha. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtoto wangu akilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikakaa palepale juu ya mbao nikalia pamoja naye. Wakaniacha nilie kidogo tu, kisha yule mama mnene akaniwekea karai mapajani, maana kona ilikuwa haijajaa.