Sungura Niliyemtoa Sadaka kwa Kunyamaza

Kuna watu huku kwetu upande wa Mbuji mpaka leo wakiniona wananisalimia vizuri kabisa, shikamoo mzee, naitikia marahaba, halafu nikishapita hatua mbili tatu nasikia mtu nyuma anapiga makofi taratibu, pa, pa, pa, na wenzake wanacheka kwa puani. Sigeuki. Nayajua makofi hayo yalikotoka, na leo naona niyaseme mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanaongeza chumvi (mmoja anasema nilikutwa nimelala na sungura, huo ni uongo, nilikuwa nimepiga magoti).

Sungura mwenyewe aliitwa Mgeni, na hakuwa wangu, alikuwa wa mke wangu, Mama Sesilia. Mke wangu alipatwa na kiharusi akiwa kwenye shamba la kahawa, upande wa kulia ukafa wote na maneno yakamwishia, yakabaki machache ya kuombea maji. Binti yetu Sesilia akamletea sungura mtoto, mweupe, amkalie mapajani. Mimi nilikasirika, nikasema mgonjwa huletewa kuku wa mchuzi, siyo mnyama wa kubembeleza, lakini yule sungura alipomlamba kidole kwenye ule mkono usiofanya kazi mke wangu alicheka, mara ya kwanza tangu augue, na mimi nikaenda kutafuta mbao za kumjengea kibanda.

Ubaya ni kwamba Mgeni alizaliwa taya la chini limetangulia mbele. Sungura, kama hukujua (mimi sikujua, nimeishia darasa la tatu na huko hatukufundishwa habari za meno ya sungura), meno yake huota siku zote kama kucha, ya juu na ya chini yanasagana ndiyo yanapungua. Ya Mgeni hayakukutana. Ya chini yakapanda juu kama pembe za ngiri, ya juu yakajikunja kuingia ndani ya mdomo, akawa anaona majani na hawezi kuyakata. Bwana mifugo wetu alisema katika sungura wote aliowashika huyo ndiye wa kwanza kumwona hivyo. Akanionyesha kazi: unachukua plaizi ndogo, unakata kidogo kidogo usije ukapasua jino mpaka kwenye fizi, unamalizia kwa tupa, kila baada ya wiki tatu, na chakula chake kitwangwe. Basi mimi, mzee mwenye wajukuu saba, nikawa asubuhi na jioni natwanga matembele kwenye kinu, jirani akipita anauliza, "Leo mboga gani, Baba Sesilia?" nasema tembele, naye anasimama kusubiri karibu ya kula. Alisimama sana.

Sasa ikatokea Mgeni akaanza kutokwa na udenda, na bwana mifugo akasema huenda magego ya nyuma nayo yameharibika, nimletee Jumapili baada ya Misa, maana anasali kanisani kwetu. Nikamweka kwenye kapu. Mke wangu akaniangalia kutoka kitandani, akasema, "Rudi naye." Maneno mawili, na kwake siku zile maneno mawili yalikuwa hotuba.

Nilisahau kwamba ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno. (Sikusahau. Nilijua, ila mahindi ya kwetu kule kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, hayakuwa mabaya hata kidogo, na mimi nilikuwa nimekuja na kimfuko cha maharage kinachoenea mfukoni mwa suruali, nikaona nikijifanya nimesahau itakuwa nafuu.) Nje kulikuwa na mbwa, kwa hiyo kapu langu nikaliingiza ndani nikaliweka nyuma karibu na mlango, pale pale penye makapu ya watu, kuku, mbuzi mmoja na magunia ya mahindi. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo namna hiyo. Nikaenda kukaa.

Wimbo wa matoleo ulipoanza akina mama wakajipanga, wakaanza kucheza kwenda mbele, na mimi nikaona kapu langu liko juu ya kichwa cha Mama Komba, huyu mama ndiye mpishi wa parokia na ndiye msimamizi wa matoleo, linakwenda kulia, linakwenda kushoto, masikio mawili meupe yamechomoza. Nikanyanyuka nusu. Mzee wa pembeni akadhani nataka kucheza, akanipisha. Nikakaa tena, nikajisemea siyo vizuri kubwata kanisani, nitamwambia Padre baadaye.

Padre alipofika kwenye matangazo akauliza, "Nani ametuletea sungura mzuri hivi?"

"Mzee Kapinga, Padre," akasema Mama Komba, aliyeniona nikiliweka kapu.

Watu wakageuza shingo kunitafuta, maana mimi kwa matoleo sina sifa, watu wananiita mkono wa birika na wala hawanisingizii. Padre akasema, "Mzee huyu ana mgonjwa ndani, tunamjua, lakini ametoa. Tumpigie makofi." Wakapiga. Wakapiga watu ambao hawajawahi kunipisha hata kwenye benchi, na vigelegele vikapigwa, na mimi nikasimama na kuinama kidogo. Hakuna aliyeniambia niiname. Hapo ndipo ningesema, jamani, huyo ni mgonjwa anakwenda kwa daktari, na watu wangecheka na kunirudishia kapu langu. Lakini nimeishi miaka sabini na kitu bila kupigiwa makofi, na nikayaona matamu.

Bwana mifugo mwenyewe siku hiyo hakutokea, alikuwa ameitwa kule kijiji cha Mpepai kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniumbua. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamwambia mke wangu, "Daktari amebaki naye, anamtibu." Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini, ndiyo maana mpaka leo linaniuma.

Jumatatu nikaenda parokiani, nikajifanya napita njia. Mgeni alikuwa kwenye banda la sungura wa Padre, wenzake wanne wanatafuna kabichi mpaka unasikia kru kru kru, yeye kakaa pembeni na jani linaning'inia mdomoni, analizungusha, linaanguka, analiokota tena, kidevu kimelowa.

"Sungura wako ana maringo, Mzee," Mama Komba akaniambia. "Chakula hiki chote na hali."

"Atazoea," nikasema.

Nilisema hivyo, atazoea. Nikarudi nyumbani. Jumanne nikaenda tena, nikakuta wageni, nikageuka. Jumatano mvua ikanizuia, nami nikafurahi kwamba imenizuia.

Alhamisi mchana, saa ambayo watu wote wako mashambani, nikaenda na plaizi, tupa, na matembele niliyoyatwanga mpaka yakawa uji, nimeyatia kwenye chupa ya plastiki. Mpango wangu ulikuwa nimkate meno kwa siri, nimlishe kwa siri, kisha ajikalie kwa Mungu akiwa na afya, na sifa yangu ibaki. Mlango wa lile banda ni wa sungura, siyo wa binadamu, nikapiga magoti nikaingia kichwa kwanza, suruali ikachanika nyuma, na mlango ukajirudi na komeo likajiangukia lenyewe kwa nje. Nikasema shauri lake, kwanza kazi. Nikambana Mgeni katikati ya magoti. Alikuwa mwepesi kama kapu lisilo na kitu. Nimemfungua mdomo, nimeshika plaizi, ndipo nikasikia sauti nyingi zinakuja, nikakumbuka kwamba Alhamisi kwaya inafanya mazoezi.

Mama Komba ndiye aliyechungulia.

"Mzee Kapinga. Unamfanya nini sungura wa kanisa?"

"Nimekuja kumsalimia," nikasema.

Kwaya nzima ikaja, sauti ya kwanza mpaka besi, wakazunguka banda, mimi nimo ndani na mavi ya sungura kwenye nywele, mlango haufunguki kwa sababu komeo limebana, na walipolifungua nikatoka kinyumenyume, ule mchaniko ukitangulia. Padre naye akafika. Akauliza taratibu, "Mzee, unatafuta nini humu?" Hapo uongo ukaniishia. Nikasema yote, kwamba hakuwa sadaka, kwamba ana meno mabaya, kwamba ni wa mgonjwa wangu. Nikamfungua mdomo waone.

"Kumbe alimpa Mungu kilema," akasema mama mmoja, na huo ndio msemo uliozunguka vijijini, maana kwa walioona meno yale ilikuwa rahisi kuamini kwamba nilitoa mnyama nisiyemtaka, kuliko kuamini kwamba sikutoa kitu.

Na kijana mmoja wa besi akasema, "Sasa kama sadaka anaichukua, basi na makofi yetu aturudishie."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Padre hakucheka. Akanipa Mgeni mikononi, akasema, "Ungesema tu, Mzee." Ningetukanwa ingekuwa afadhali.

Nilipofika nyumbani mke wangu akamlisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kijiko kidogo, akawa anamwita jina lake. Ule uji wa majani ukawa unamtoka Mgeni pembeni mwa mdomo. Ijumaa bwana mifugo alikuja, akamminya tumbo, akasema sungura akikaa siku mbili bila kula tumbo linasimama, na likisimama hivi kulianzisha ni kazi ngumu, amekaa siku ngapi? Nikasema nne. Akaniangalia, akafunga mkoba wake.

Mgeni alikufa Jumamosi asubuhi, mapajani, jua limeshaingia chumbani. Mke wangu hakumwachia. Ndipo nikakaa kwenye kigoda nikamweleza, kapu, matoleo, makofi, atazoea, banda, kwaya, sikuficha hata pale nilipoinama. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikafikiri atalia.

"Mgeni mdomo ulikuwa mbovu," akasema, akavuta pumzi. "Wako je?"

Tangu hapo maneno yake ni maji, na uji, na nigeuze, hayo ndiyo yote ninayoyapata. Mimi nimeshaapa kwamba nikishukuriwa tena kwa kitu ambacho sikukitoa, nitasimama hapo hapo niseme siyo mimi, hata kama ni katikati ya Misa, hata kama watu wameshainua mikono kupiga makofi. Watacheka, najua. Wacheke, jioni watarudi makwao na watasahau, na mimi nitarudi kwangu.